Udugu wa Chuo Kidogo na Daftari Nililolishika

(Mazungumzo ya mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya wahitimu na wanafunzi wa shule, Kilosa, siku ya mkutano wa mwaka. Yamepigwa chapa kama alivyoyasema, isipokuwa salamu ndefu za mwanzo zilizopunguzwa. – Mhariri)

Ndugu zangu tuliosoma hapa, na ninyi vijana wa Kidato cha Tano na cha Sita mliokaa kule nyuma karibu na mlango, kama tulivyokuwa tukikaa sisi ili tuwe wa kwanza kutoka kengele ikilia.

Kamati imenitaka niseme machache juu ya maisha ya chuo kikuu na moyo wa udugu. Nilipoipata barua ile nilisita kidogo. Mambo haya ni rahisi kuyasema vibaya. Mtu mzima akisimama mbele ya vijana kusifu siku zake, kila kitu cha zamani huwa kitamu: uji ulikuwa mzito, wenzake walikuwa waaminifu, na hata kunguni walikuwa na adabu. Mimi sitasema hivyo. Nitasema juu ya chuo kimoja kidogo, chumba kimoja chenye vitanda vinne, na daftari moja la kurasa arobaini na nane ambalo mimi ndiye niliyekuwa mshika kalamu wake.

Kwanza neno dogo la historia, maana najua vijana mnapenda tarehe, hasa zile zinazoweza kutokea kwenye mtihani.

Chuo kikuu cha kwanza katika nchi hii kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Wanafunzi walikuwa 14, wote wa sheria. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Ndugu zangu, darasa letu la Kidato cha Kwanza hapa lilikuwa kubwa karibu mara tatu kuliko chuo kikuu kizima! Watu 14 hawawezi kukwepana. Ukimkopa mwenzako senti usimlipe, jioni utakutana naye tu.

Hicho hakikuwa chuo changu. Mimi nilisoma Morogoro. Pale palifunguliwa chuo cha kilimo mwaka 1965, kikitoa stashahada. Ilipofika 1970 kilikuwa tayari ni Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1974 ikaongezwa misitu, na mwaka 1976 tiba ya mifugo. Tarehe 1 Julai 1984 kikasimama chenyewe, kikaitwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Nadhani wote mnajua kwa nini kilipewa jina hilo. Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa amefariki tarehe 12 Aprili mwaka ule ule kwa ajali ya gari kule Dakawa, katika mkoa wetu huu huu, akitoka Dodoma.

Naomba mlishike neno moja hapo, maana nitalirudia. Chuo hicho ni cha kilimo, na jina lake ni la mtoto wa wafugaji wa Monduli. Mimi nimetembea chini ya kibao chenye jina hilo miaka mitatu mizima bila kulifikiri hata siku moja.

Niliingia mwaka 1998. Chuo kiko chini ya Milima ya Uluguru, na asubuhi ukitoka bwenini unaukuta mlima umejifunika ukungu mpaka kiunoni. Tulikuwa wachache. Ukikaa muhula mmoja unamjua kila mtu kwa sura, na ukikaa miwili unajua nani anamdai nani. Kwa wale ambao hawajafika chuoni, ni vizuri nieleze lugha ya kule. Fedha za kujikimu tuliziita bumu, kwa sababu zilikuja kwa kishindo na kuondoka kwa kishindo. Kusoma usiku kucha ni kupiga msuli. Maandishi ya mwalimu yaliyotolewa nakala ni madesa. Kula asubuhi na jioni tu, ukaruka mchana, ni kupiga pasi ndefu. Na kuondolewa chuoni kwa kushindwa mitihani ni kudisko, ingawa muziki haupigwi.

Chumbani kwetu tulikuwa wanne, na wote tulikuwa wa wilaya hii. Hilo halikuwa jambo la bahati. Tulibadilishana vyumba na watu mpaka tukawa pamoja, kama vijana wageni wa mji wafanyavyo. Mmoja alikuwa wa Mikumi, mama yake akipika chakula na kuuza kando ya barabara kuu kwa madereva wa malori ya Zambia. Wa pili alikuwa wa Kidodi, baba yake mkulima wa miwa. Wa tatu nilikuwa mimi, mtoto wa mkulima wa mahindi na alizeti wa kijiji kimoja jirani na Rudewa. Wa nne alikuwa Mmasai wa Twatwatwa, akisomea udaktari wa mifugo.

Huyu wa nne nimemwomba ruhusa kabla ya kuja hapa. Amesema niseme yote, ila leo nisimtaje jina. Mtaona baadaye kwa nini nimetabasamu aliponijibu hivyo.

Sera ya kuchangia gharama ilikuwa imekwisha kuanza miaka ile ya 1990, na bumu halikutosha. Basi tukaanzisha chungu kimoja. Kupika chumbani kulikatazwa, na mimi siwafundishi vijana kuvunja sheria. Nasema tu kwamba jiko letu la umeme lilikaa ndani ya sanduku la nguo, na kwamba harufu ya dagaa haifichiki sandukuni. Wa Mikumi alileta mchele na nyama kavu kutoka kwa mama yake. Wa Kidodi alileta sukari, na maneno mengi. Mimi nilileta unga. Wa Twatwatwa aliamka alfajiri kabla yetu sote, akashika njia ya shamba la ng'ombe la chuo kule Magadu, akarudi na maziwa. Kila mmoja alikuta kikombe chake kimejazwa kando ya kitanda. Miaka miwili na zaidi nilikunywa maziwa hayo bila kuuliza ni nani aliyeyalipia juma lile.

Wapo kati yetu humu waliopita Jeshi la Kujenga Taifa kabla halijasimamishwa mwaka 1994. Hao watasema udugu wao ulianza huko, kwenye jembe na gwaride, hata wakafika chuoni tayari wamekwisha lala hema moja na watu wa kila kabila. Ni kweli, ijapokuwa hata JKT haikupendwa na kila mtu: Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kuipinga, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Lakini sisi wa miaka ile ya katikati, kati ya 1994 na 2013 ilipoanza tena, hatukupitia. Tulitoka nyumbani kwa mama tukaingia bwenini moja kwa moja. Udugu wetu ulikuwa wa chungu. Tuliudhani ni mgumu kama chuma kwa sababu haukuwa umegongwa na kitu.

Sasa nafika Disemba 2000.

Wazee wa hapa hamna haja ya kukumbushwa. Vijana mlikuwa hamjazaliwa. Wilayani kwetu ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya mashamba, malisho na maji ulikuwa wa muda mrefu, na mwezi ule kule Rudewa-Mbuyuni ulifikia damu. Watu 38 waliuawa. Sitaingia katika maelezo ya nani alianza na nani alifanya nini. Wako watu wa sheria na wa utafiti waliokwisha yaandika hayo, na kila upande una makaburi yake na hesabu yake ya makosa. Nasema tu jinsi habari ile ilivyoingia chumbani mwetu.

Iliingia kwa redio, jioni, tukiwa tumekaa kuzunguka chungu. Mtangazaji alitaja Kilosa, kisha Rudewa, kisha idadi. Hakuna aliyetia mkono kwenye ugali. Mimi niliondoka nikaenda kutafuta simu. Siku tatu baadaye nilipata habari ya hakika kwamba wa nyumbani kwetu walikuwa hai, lakini kati ya waliokufa walikuwemo watu niliowaamkia shikamoo tangu utoto, na kijana mmoja niliyecheza naye mpira wa makaratasi.

Niliporudi chumbani sikusema na mwenzangu wa Twatwatwa. Sikumtukana, sikumpiga, sikumwambia ahame. Sikusema naye tu. Siku tisa, ndugu zangu, katika chumba ambacho ukinyoosha mguu unagusa kitanda cha mwingine! Na kila alfajiri kikombe changu kilijazwa maziwa. Nami kila asubuhi nilikiacha pale pale mpaka yakaganda, jioni nikayamwaga dirishani. Wa Mikumi na wa Kidodi waliona. Hawakusema kitu, maana katika mambo kama hayo mtu humwogopa aliyefiwa.

Ninyi mnaosikiliza mtadhani chuo kidogo kingesaidia. Wakati ule kilizidisha. Katika chuo kikubwa ningeweza kwenda kukaa maktaba ya mbali, nikala mkahawa mwingine, nikapotea katika watu. Pale kila nilipokwenda nilimkuta yeye, au nilimkuta mtu aliyeniuliza, "Mbona siku hizi hamuongozani?" Udogo wa mahali hauleti upendo wenyewe kwa wenyewe. Unachofanya ni kuwanyima watu mahali pa kujificha, na aliyenyimwa mahali pa kujificha anaweza kupatana, anaweza pia kuchukia mara mbili.

Tulikuwa na umoja wetu wa wanafunzi wa Kilosa, hatukufika ishirini. Kazi yake kubwa ilikuwa sherehe ya kuwapokea wapya na rambirambi mmoja akifiwa. Mimi nilikuwa mtunza fedha. Tuliitana, tukakubaliana kuchanga na kupeleka ujumbe Rudewa. Katika mkutano ule kijana mmoja alisimama akasema kwamba wafugaji wasihudhurie, wakaunde umoja wao. Makofi mawili matatu yalipigwa, na moja, nasikitika kusema, lilikuwa langu. Dada mmoja wa Gairo (Gairo wakati ule ilikuwa bado ndani ya Kilosa) akainuka, akauliza swali moja tu: "Huu ni umoja wa wanafunzi wa Kilosa au wa mashamba ya Kilosa?" Akakaa. Mwenyekiti akafunga mkutano kwa haraka.

Usiku ule nilikuwa kitandani na daftari, nikipanga majina na fedha. Mwenzangu wa Twatwatwa alikuja akasimama. Ndiyo maneno ya kwanza kati yetu baada ya siku tisa.

"Fedha yangu itapokewa?"

Nikamjibu, "Fedha haina kabila." Nilijiona nimesema jambo la hekima.

"Basi andika," akasema, akaweka shilingi elfu tano juu ya blanketi. Elfu tano ya wakati ule ilikuwa chakula cha juma zima, na zaidi kwa mtu aliyekuwa tayari akipiga pasi ndefu.

Nikaandika. Wenzake wote nilikuwa nimewaandika kwa majina mawili, kijiji, na kiasi. Kwake niliandika: "Mwanafunzi, Sh. 5,000." Nilifikiri juu ya wazee watakaolisoma daftari lile matangani. Nilifikiri wataona jina la Kimasai na kuzitupa fedha zote, au kunitupa mimi. Labda nilifikiri hivyo. Labda sikutaka tu kuliandika kwa mkono wangu. Mpaka leo sijui ni lipi lilikuwa mbele.

Yeye ana macho ya mtu aliyezoea kutambua alama ya ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Alisoma daftari likiwa limempinduka.

"Wengine wote wana majina," akasema. "Mimi ni mwanafunzi."

Akaenda kulala.

Tulioteuliwa kupeleka rambirambi tulikuwa watatu: mimi, wa Mikumi na wa Kidodi. Njia ya Dumila wakati ule haikuwa na lami, na kwa mvua za siku zile magari yalikuwa yakilala njiani, kwa hiyo tukaamua kuzungukia Mikumi na kuingia Kilosa kwa nyuma. Asubuhi ya safari tulimkuta wa nne Msamvu, amesimama na mkoba. Akasema atatusindikiza mpaka Mikumi. Hatukumuuliza zaidi.

Wote mnaijua barabara ile inapokata hifadhi. Kuna vibao vinavyomtajia dereva faini ya kila mnyama atakayemgonga, kama bei za bucha. Kwa kawaida basi letu likifika hapo lilikuwa kelele tupu: wanafunzi wa misitu wakibishana na wa mifugo kama yule ni kongoni au nyumbu, na wa Kidodi akitaka kujua kwa nini faini ya twiga ipite bumu la mwaka. Siku ile tulipita kilomita zile hamsini kimya. Twiga walikuwepo, wamesimama karibu kabisa na lami.

Mikumi tulishuka kwa mama wa mwenzetu. Alitupa wali na mchuzi wa nyama, akatuandikia mkeka. Alfajiri tukapata lori la kwenda Kilosa. Wa Twatwatwa hakupanda. Hakuna aliyemwambia asipande. Sote wanne tulijua kwamba Rudewa siku zile si mahali pa yeye kwenda. Alisimama kwenye kibanda cha mama akituangalia mpaka tukakata kona.

Matangani tulipokelewa vizuri. Mzee aliyewekwa kupokea rambirambi alilichukua daftari letu akasoma kila jina kwa sauti, kama ilivyo desturi, na kwa kila jina watu walijibu, "Ahsante." Alipofika kwenye mstari ule alisimama. Akaangalia juu ya miwani.

"Huyu 'Mwanafunzi' ni nani?"

Wenzangu waliniangalia mimi, kwa kuwa mshika kalamu nilikuwa mimi.

Nikasema, "Ni mwenzetu mmoja, Mzee. Hakupenda kujitaja."

"Mungu ambariki," mzee akasema. Na watu wote wakajibu, "Ahsante."

Ndugu Mwenyekiti, mimi nimesema uongo mwingi katika maisha yangu, na mwingine niliusema katika ofisi ya nidhamu ya shule hii hii. Ule wa matangani ndio uliobaki nami. Siku mbili zilizofuata nilichimba na kufukia, nilibeba maji, niliketi na wazee, na kila nilipoonyeshwa heshima ya msomi aliyekuja kuwakumbuka wa nyumbani, nilisikia sauti yangu ikisema "hakupenda kujitaja."

Tuliporudi Mikumi ilikuwa jioni ya siku ya nne. Tulimkuta kijana wetu kibandani, mikono ya shati imekunjwa, akiwagawia madereva ugali. Mama wa mwenzetu akasema, "Huyu msiondoke naye. Amechota maji yangu yote, na mbuzi wangu aliyekuwa akichechemea anakimbia." Siku nne alikuwa akitusubiri, na mama yule hakumuuliza kabila lake wala kwa nini hakwenda na wenzake.

Usiku tulikaa mimi na yeye kwenye benchi, mbele ya kibanda. Malori yakipita, taa zinamulika, kisha giza tena.

"Walipokea?" akauliza.

"Walipokea. Mzee alisema Mungu akubariki."

"Alisema mimi, au alisema mwanafunzi?"

Hapo ndipo nilimweleza yote, pamoja na lile kofi la mkutanoni na maziwa ya dirishani. Ya maziwa alikuwa anayajua. Alisema mchwa chini ya dirisha letu walikuwa wamenenepa. Kisha akanyamaza muda mrefu.

"Ungelitaja, wangeirudisha?"

"Sijui," nikasema.

"Hata mimi sijui. Lakini nilitaka kujua."

Neno hilo sijapata jawabu lake. Nilikuwa nimejidanganya kwamba nimemkinga yeye na aibu, na wazee na uchungu. Kumbe niliwanyima pande zote mbili nafasi yao: yeye nafasi ya kukataliwa au kupokewa kwa jina lake, na wazee wale nafasi ya kuamua kama wanaweza kupokea. Labda wangeweza. Kati ya watu walioketi pale palikuwa na waliofiwa na watoto, na mimi, mtoto wa jana, niliamua kwa niaba yao kwamba mioyo yao haina nafasi.

Tulirudi chuoni. Msidhani kila kitu kilinyooka. Chungu kiliendelea, lakini kwa muda kila mtu aliosha kijiko chake mwenyewe. Baada ya mwaka mpya, Jumapili moja, yeye alinichukua tukaenda Mazimbu kwa miguu. Kwa wasiopajua: palikuwa shamba la mkonge ambalo Serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, nao wakajenga shule kwa ajili ya watoto waliokimbia ubaguzi. Waliipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992, njia ya kurudi kwao ilipofunguka, walituachia majengo, na sasa ni sehemu ya chuo. Walichotuachia pia ni makaburi. Mwenzangu alipita kaburi hadi kaburi akisoma majina kwa sauti, polepole, ya watu wasiojulikana na yeyote kati yetu. Sikumuuliza kwa nini. Nilimfuata nyuma nikajibu "Ahsante" kwa kila jina, na alipofika la tano au la sita akageuka akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Disemba.

Tangu muhula ule umoja wetu uliweka sharti kwenye jalada la daftari, kwa mwandiko wa dada yule wa Gairo: hapokelewi mchango usio na jina. Wapo waliosema sharti hilo litapunguza fedha. Lilipunguza kweli.

Miaka ikapita. Mwishoni mwa Disemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika, ukaingia mjini hapa, ukavunja reli kutoka Kilosa kuelekea Gulwe, na watu kwa maelfu wakaishi kwenye mahema. Mlio watu wazima mlikuwepo. Mimi nilikuwa nafanya kazi mkoani, nikaanza kuwakusanya wa zamani wa chuo na wa shule. Mchango wa kwanza kuingia kwenye simu yangu ulitoka kwake, akiwa daktari wa mifugo katika mkoa wa mbali. Ujumbe ulikuwa wa maneno mawili: "Andika jina."

Niliandika majina yake yote matatu, na kijiji, kwa herufi kubwa. Tulipofika kambini, mzee mmoja alisoma orodha kama ilivyo desturi. Alipofika pale hakusita. Au labda alisita kidogo. Mimi nilikuwa nimeangalia chini. Kisha nikasikia watu wakijibu.

Basi nakuja kwa vijana. Chuo nilichosoma si kidogo tena. Wanafunzi ni maelfu, na Morogoro kuna vyuo vingine pia. Mikopo inatoka Bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na tangu 2024 treni ya umeme inapita wilayani kwetu, msafiri haoni hata tope la Dumila. Mtu akifiwa, taarifa inawekwa kwenye kundi la simu, na kwa dakika kumi zinaingia pole mia mbili. Sizidharau, hata mimi huzituma, mara nyingine nikiwa ndani ya daladala. Lakini hapana budi niwaambie nililoliona mwaka jana nilipopita Morogoro: kijana wa shule hii, wa mwaka wa kwanza, alikuwa amekaa Msamvu na sanduku tangu asubuhi, hajui aende wapi, na simu yake imekwisha moto. Katika kundi la wahitimu wetu la mji ule tuko zaidi ya sitini.

Nimeiomba Kamati, nayo imekubali, kwamba kuanzia safari hii kila mhitimu aliye Morogoro, Dodoma au Dar es Salaam ajiandikishe kupokea kijana mmoja kituoni, ampeleke mpaka mlango wa bweni, ale naye mara moja kabla muhula haujaisha. Wa Kidato cha Sita nao wajiandikishe wanakokwenda. Wawe wa Rudewa au wa Twatwatwa, wa Mikumi au wa Kidodi, hatutawapanga kwa vijiji.

Daftari liko pale mezani kwa Mwalimu wa zamu. Kalamu nimeileta mimi, nataka kuirudisha nayo nyumbani. Tafadhali andikeni majina yote matatu, kwa herufi zinazosomeka.